Uso Katika Pembe ya Skrini

Bi Tumpe Mwakabumbe alijitanda kanga usoni, akainuka kitini na kutoka katika chumba cha zamu, ilhali maji ya bwawa yalikuwa yamekwisha kuvuka alama ya njano. Hakukimbia. Alitoka ameinamisha kichwa, kwa adabu ile ile ya mwanamke anayeiacha njia amwonapo baba mkwe wake anakuja kwa mbele.

Sekela Mwambene, ambaye kazi yake ilikuwa kupanga ikoni za arifa katika vituo vyote vya Bonde la Luhanzi, alimfuata mpaka barazani.

"Dada Tumpe, arifa iko kwenye skrini! Maji yanapanda!"

"Nimeiona," Bi Tumpe alijibu bila kuifunua kanga. "Na aliyekuja nayo nimemwona. Umeniwekea mkwe wangu pale."

"Sikumchagua mimi. Mtambo ulikuonyesha picha za jamaa zako wote, ukapima macho yako. Yalishtuka kwa picha yake kuliko kwa nyingine yoyote."

"Yasishtuke? Tangu niolewe sijamtazama mzee yule usoni, sijala mbele yake, hata jina lake sijalitamka. Leo unanikalisha naye ana kwa ana, mimi nimekunja miguu natafuna karanga! Mtambo wako ulilelewa na nani?"

Ngurumo ya maji ilisikika chini ya ukuta wa bwawa. Walipochungulia ndani, Mzee Ambakisye Mwalwiba, mwandishi wa lango kuu, alikuwa ameshaandika amri yake kwa herufi safi: *Fungua lango kuu, robo.* Kwa kuwa lango dogo la Bi Tumpe lilibaki limefungwa, yeye alikuwa amelifungua la kwake.

"Rudi, Tumpe," mzee aliita. "Mkwe wako amekwenda zake. Maji yanashuka."

Bi Tumpe aliangua kicheko, akarudi kwenye karanga zake. Sekela hakucheka. Alikuwa ametambua jambo lililomkosesha raha: mtambo wake ulijua kupima nguvu ya mshtuko wa moyo, lakini haukujua mshtuko huo unampeleka mtu wapi. Mmoja humfanya anyooshe mkono. Mwingine humfanya akimbie.

Hakufikiri, siku ile, kwamba kuna mwingine unaomfanya mtu akae kimya na kutazama.

*

Katika miaka hiyo sheria ilikataza mtambo wowote kuamua jambo linalogusa uhai wa watu. Mtambo uliruhusiwa kupima, kukumbuka na kuonya. Uamuzi ulikuwa wa binadamu peke yake. Mwandishi wa zamu aliketi mbele ya kihariri, chombo kisicho na mapambo, ukurasa mtupu na kishale kinachopepesa, akaandika amri kwa sentensi iliyo kamili, na lango likaitii sentensi hiyo. Aliyeketi kitini ndiye mwenye lango. Kiti kilimtambua kwa uzito wake na mapigo ya moyo wake. Akiondolewa kwa nguvu, lango lilijikaza mpaka mkaguzi afike, ili mhalifu asije akamwangusha mwandishi na kuandika la kwake.

Onyo lilikuja kama arifa katika pembe ya chini ya skrini: maneno machache, na ikoni kando yake. Hapo awali ikoni ya hatari ilikuwa kengele nyekundu. Lakini arifa huja kutwa nzima, mara upepo umegeuka, mara kuna mgeni getini, mara chai iko tayari, na jicho la mtu huzoea. Huko Kilumbe, bonde la jirani, mwandishi mmoja alikuwa katikati ya ripoti yake kengele ilipotokea. Aliifunga kwa kidole, jinsi mtu anavyofukuza inzi, akaendelea na ripoti. Bwawa la Kilumbe likapita juu ya ukuta wake. Miongoni mwa waliochukuliwa na maji alikuwamo Lugano, mwalimu wa chekechea, binti pekee wa Mzee Ambakisye. Mwili wake haukuonekana.

Baada ya msiba huo Sekela alibuni ikoni ya uso. Katika mipangilio ya kihariri kila ngazi ya arifa ilikuwa na mstari wake na picha yake: taarifa, angalizo, hatari. Kwenye mstari wa hatari aliiondoa kengele, akaweka uso wa mtu ambaye mwandishi hawezi kumpuuza. Ulikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba, lakini ulikuwa na uhai. Ulimgeukia mwandishi. Kadiri maji yalivyopanda ndivyo ulivyozidi kuchangamka: ukafumbua macho, ukainua kidevu, midomo ikaanza kuachana. Ulikaa mradi hatari ingalipo. Amri ikiandikwa, uso ulitoweka.

Wa kwanza kuuomba alikuwa Mzee Ambakisye. "Niwekee Lugano," alisema, amesimama wima kama shahidi mahakamani. "Huyo sitamfunga kwa kidole."

Tangu hapo hapakutokea arifa iliyopuuzwa katika Luhanzi, na Sekela alipewa sifa mbele ya wakuu. Sifa zile alizipenda.

*

Siku iliyofuata alikuja na vifaa vyake kuibadili ikoni ya Bi Tumpe.

"Niwekee chungu cha maharage yanayoungua," Bi Tumpe alisema. "Hicho hata nikiwa usingizini nitakiinukia."

"Dada, hii ni kazi ya serikali."

"Maharage ni ya serikali gani? Weka chungu, na moshi uonekane vizuri."

Sekela alikiweka chungu. Alipokuwa akikipunguza ili kikae sawa katika mstari wake, mwanga mdogo ulionekana upande wa pili wa chumba. Uso ulikuwa umetokea katika skrini ya mzee. Mvua za milimani zilikuwa zimefika bwawani.

Alitazama kwa mazoea ya kazi, akingoja vidole vya mzee viguse kibodi. Havikugusa. Mzee Ambakisye aliinua mikono yake kutoka mezani, taratibu, akailaza mapajani. Aliinama kidogo. Katika pembe ya skrini Lugano alifumbua macho. Mzee alingoja. Lugano akainua kidevu, na shingo yake ikaonekana na ushanga mwembamba aliozoea kuuvaa. Mzee alizidi kungoja. Midomo ilipoanza kuachana, ndipo mikono iliporudi kwenye kibodi na amri ikaandikwa kwa haraka ya mtu aliyeshtuliwa.

"Baba," Sekela alisema alipomkaribia, "mbona leo umechelewa?"

"Nilikuwa natafuta maneno."

Amri ya lango ilikuwa na maneno manne, na mzee huyu alikuwa ameyaandika tangu Sekela hajajua kusoma.

"Maji yalifika karibu na alama nyekundu, baba."

"Karibu si kufika." Kisha, kwa sauti ya chini, bila kumtazama: "Jana alikuwa karibu kusema. Uliona? Ana namna yake ya kuanza neno, anabana midomo kwanza. Hiyo nani alikufundisha?"

Hakufundishwa na mtu. Mtambo uliitoa katika filamu fupi za harusi na ubatizo ambazo mzee mwenyewe aliziwasilisha. Sekela alitamani kulieleza hilo, lakini alirudi kukusanya vifaa vyake. Alikuwa ameielewa kazi ya mikono yake mwenyewe. Alimpa baba aliyefiwa mahali pamoja tu pa kumwona mwanawe, na mlango wa mahali hapo ulikuwa hatari ya watu wengine. Kadiri hatari ilivyokuwa kubwa, ndivyo mtoto alivyokaribia kuzungumza.

Na chini ya ukuta, kwenye uwanda wa mto, ilikuwako shule ambamo Uswege, mwanawe Sekela, alikuwa darasani saa ile ile.

*

Alimpigia simu Mhandisi Kihwele, mkuu wa vituo vyote.

"Mzee amechoka," Mhandisi alisema. "Masika yakiisha tutamstaafisha kwa heshima. Uso ubaki. Mabonde mengine yameshaziomba ikoni zako, Sekela. Unataka niwaambie zina kasoro, mvua zikiwa juu ya vichwa vyetu?"

"Ninaomba ruhusa ya kuuondoa ule mmoja tu."

"Sheria ya nyuso unaijua kuliko mimi, wewe ndiye uliyeiandika. Uso ni mali ya mwenye msiba. Hauondolewi mpaka aseme mwenyewe kwa kinywa chake, mbele ya mashahidi. Au nimekosea?"

Hakukosea. Sekela aliiweka sheria hiyo kwa nia njema, ili fundi yeyote asije akamfuta marehemu wa mtu kwa amri ya ofisi.

Alibaki na njia mbili, na zote zilimtia aibu. Aliweza kuusubiri mwisho wa masika na kuomba isitokee mvua kubwa. Au aliweza kutumia funguo zake za ufundi, afute mstari mmoja wakati mzee hayupo, amzike Lugano kwa siri, peke yake, bila ndugu. Mara mbili aliufungua ukurasa wa mipangilio. Mara mbili kishale kilisimama mwishoni mwa jina la Lugano kikipepesa, na mara mbili aliufunga.

Alimwuliza Bi Tumpe kama matanga ya Lugano yalianuliwa.

"Wayaanue vipi?" Bi Tumpe alisema, na safari hii hapakuwa na mzaha katika sauti yake. "Ndugu walisema mpaka mwili uonekane. Mikeka ilikunjwa tu siku watu walipochoka kukaa. Mzee hajanyoa, hajafagia ua wake. Msiba wake bado umekaa, mdogo wangu."

*

Mvua kubwa ilikuja mchana mmoja, baada ya chakula, na ilikuja kutoka pande zote. Bwawa lilibadilika rangi. Bi Tumpe aliona chungu chake kikiungua, akakiinukia kama alivyoahidi: lango dogo lote likafunguka. Halikutosha. Kipimo ukutani kiliendelea kupanda.

Sekela aliingia akitweta, maji yakimchuruzika. Kabla ya kuuliza alijua. Mikono ya Mzee Ambakisye ilikuwa mapajani.

"Baba Lugano," Bi Tumpe alikuwa akisema, "andika. Baba, nakusihi, andika!"

"Nitaandika."

"Piga king'ora, dada," Sekela alisema.

"Nimepiga! Wanapanda kilimani, lakini shule ina watoto wadogo, watapanda saa ngapi? Tumbebe tumtoe kwenye kiti hiki!"

"Tukimwondoa kwa nguvu lango linajikaza. Litafunguliwa na mkaguzi, na mkaguzi yuko mjini."

"Basi futa huo uso!"

Sekela alikuwa ameshafungua mipangilio kwenye mtambo wake wa mkononi. Jina lilikuwa pale. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Alimtazama mzee: mabega yake yalikuwa yametulia kabisa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyesimama kituoni akiliona gari alilolingoja linakaribia. Sekela alihofia kwamba akimfuta Lugano sasa, mzee ataendelea kukaa hivyo hivyo, akiitazama pembe tupu, na maji yatapita.

Alipiga magoti kando ya kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo. Anaanza."

"Baba, nisikilize. Andika amri, nami nitamhamisha. Nitamtoa kwenye mstari wa hatari nimweke kwenye mstari mpya, wa salama. Maji yakitulia, atakuja. Kila siku ambayo watu wamelala salama, utamwona. Nakuapia. Andika tu."

Mzee hakuondoa macho katika skrini. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Nami nitafanya kazi vizuri ili nimwone."

"Ndiyo, baba."

"Na nisipofanya vizuri, humleti."

Mvua ilipiga bati. Kipimo kiligusa alama nyekundu, na Lugano, katika pembe ya skrini, alibana midomo yake.

"Unanilipa mshahara wa mtoto wangu, Sekela," mzee alisema. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayesoma kwa sauti jambo ambalo limekuwa mbele yake siku zote. "Nawe huoni haya. Wala mimi sikuona, kwa maana mshahara huo nimeupokea muda mrefu." Kwa mara ya kwanza aligeuza kichwa, akamtazama. "Yule wa Kilumbe. Kengele aliiona?"

"Aliiona, baba. Akaifunga."

"Aliifunga bila kuitazama. Mimi naitazama bila kuifunga. Walio kule chini wataona tofauti gani?"

Mikono yake iliinuka. Aliandika herufi mbili ambazo hazikuwamo katika neno, akazifuta, kwa kuwa kihariri hakikupokea amri yenye kosa. Bi Tumpe alikuwa akiomba kwa sauti. Midomo ya Lugano ilikuwa inaachana. Mzee aliona, na vidole vyake vilisita juu ya neno la mwisho kwa muda ambao Sekela aliusikia katika masikio yake mwenyewe kama ngoma.

*Fungua lango kuu lote.*

Pembe ya skrini ikawa tupu. Jengo zima lilitikisika, na chini ya miguu yao maji yakatoka kwa kishindo.

*

Hakuna aliyekufa. Lakini lango lililofunguliwa kwa kuchelewa hulazimika kufunguliwa lote, na maji yale yalichukua daraja la waenda kwa miguu na mashamba ya maharage ya kina mama wa Luhanzi, yaliyokuwa karibu kuvunwa. Mzee Ambakisye aliteremka mwenyewe, kofia mkononi, akawaambia ni yeye. Wengine walimsamehe. Wengine walimgeuzia mgongo, na hao hakuwalaumu. Mhandisi Kihwele alisikia habari yote kutoka kwa Sekela, ambaye hakuficha lake wala la mzee. Ofisi iliamua kwamba mzee atabaki kitini hadi mrithi wake apatikane, kwa kuwa katikati ya masika hapakuwa na mwingine aliyelijua lango kuu, na kwamba Bi Tumpe atakaa naye bega kwa bega.

Kabla ya kurudi zamu, mzee aliwaita ndugu zake. Mikeka ilitandikwa upya. Shangazi mkubwa alimnyoa. Ua ukafagiwa mpaka njiani. Watu wakala, wakataja jina la marehemu, na matanga ya Lugano yakaanuliwa bila mwili. Sekela alikaa miongoni mwa wanawake, hajui aweke wapi mikono yake. Watu walipoanza kuaga, mzee alimwita na kumwonyesha akae karibu.

"Neno moja," alisema. "Kama ningeongeza kidogo tu. Angesema nini?"

Uongo ulikuwa mwepesi, na Sekela aliuona umekaa tayari. "Asingesema kitu, baba. Hakuwa na sauti. Nilimwekea midomo peke yake. Angeifungua, kisha angeifunga, kisha angeifungua tena."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Ndaga, mwanangu," alimshukuru kwa lugha ya kwao. "Umenitua."

Mbele ya ndugu wale wote alilitamka neno lililotakiwa na sheria. Sekela aliufungua ukurasa wa mipangilio, akaweka kishale mwishoni mwa jina, akalifuta herufi baada ya herufi. Pale palipokuwa na uso alirudisha kengele nyekundu. Juma hilo alizunguka katika vituo vyote vya bonde, akakaa na kila mwandishi, akapokea neno la kila mmoja, akazirudisha kengele. Mhandisi alimwonya kwamba anaharibu kazi iliyompa jina. Alijibu kwamba anajua.

Wa mwisho alikuwa yeye mwenyewe. Katika mtambo wake ikoni ya hatari ilikuwa Uswege, anayecheka na pengo la jino. Aliifutia barazani pa kituo cha Luhanzi, akaingia katika chumba cha zamu kuandika taarifa yake kwa mtambo huo huo. Mzee Ambakisye alikuwa kitini kwake, amenyolewa, amevaa koti. Bi Tumpe alikuwa anatafuna karanga.

"Mmeninyang'anya hata chungu changu," Bi Tumpe alisema. "Kengele! Kengele hainuki."

Sekela alitabasamu, akaendelea kuandika. Taarifa ilikuwa ndefu na alitaka iwe ya haki. Alikuwa amefika kwenye sentensi ngumu, ile iliyomhusu yeye, alipohisi ukimya chumbani. Aliinua kichwa. Bi Tumpe alikuwa ameacha kutafuna, na Mzee Ambakisye alikuwa amesimama.

Kisha Sekela aliutazama mkono wake mwenyewe. Kidole kilikuwa kwenye pembe ya chini ya skrini, na pembe ilikuwa tupu. Kitu kilikuwa kimetokea pale, na kidole chake kilikuwa kimekifunga. Hakukumbuka rangi yake.

"Ilisema nini?" aliuliza. "Baba, imesema nini?"

Mzee alikuwa amekwisha kuvaa miwani. Aliinama mbele ya skrini yake, ambako arifa ile ile ilikuwa ingalipo, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, na kwa sauti kubwa, kama afanyavyo mtoto wa shule aliyesimamishwa mbele ya darasa, akaanza kuisoma.